Ushamba ni wa Nani? Tuyasome Majumba ya Eldoret

Kuna aina ya nyumba ambayo Wakenya huicheka hata kabla ya kumaliza kuitazama. Utaiona Elgon View, utaiona ukitoka mjini kwenda Kaptagat, utaiona kando ya barabara ya Iten katikati ya shamba la mahindi, iko peke yake kama meli iliyokwama. Geti lake ni refu kuliko nyumba ya jirani. Juu ya geti kuna simba wawili wa simiti, mmoja kila upande, wamepakwa rangi ya dhahabu. Mlangoni kuna nguzo nne nene zilizobeba kijipaa ambacho nguzo mbili nyembamba zingekibeba bila jasho. Paa kubwa lina pembe saba, ni kama kila chumba kilijitafutia paa lake. Vioo ni vya samawati. Roshani ziko tatu, na hakuna hata moja yenye kiti.

Mtu akipiga picha na kuirusha mtandaoni, dakika tano haziishi kabla ya mwingine kuliandika lile neno: ushamba. Ati pesa imefika lakini ushamba haujatoka. Tunacheka, tunapitisha kidole, tunaendelea na mengine.

Mimi naona tumeondoka mapema mno. Nyumba inasomeka kama kitabu. Ina mwandishi wake, ina msomaji iliyemlenga, ina mambo inayoyasema kwa sauti na mengine inayoyaficha nyuma. Majumba haya yamekosewa na pande zote mbili. Wanaoyasifu wanahesabu vyumba, wanaoyacheka wanahesabu nguzo, na kuhesabu si kusoma.

Tuanze na neno lenyewe. Mshamba ni mtu wa shamba. Ustaarabu, ukilichambua neno, ni kujifanya kama Mwarabu. Kiswahili kilikulia pwani, kwenye miji, na kikaweka mizani yake huko zamani: adabu na urembo viko mjini, shambani kuna matope. Sasa hebu ipime Eldoret kwa mizani hiyo. Makaburu walipopanda uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, ardhi ilikatwa mashamba, mashamba yakapewa nambari, na mji ukaota juu ya shamba nambari 64. Wenyeji waliuita Sisibo, yaani hiyo nambari ya Kiingereza ikiwa imepita katika ulimi wa Kikalenjin. Shamba ndilo jina la kwanza la mji huu. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipokabidhiwa hati ya kuwa jiji la tano la Kenya, mahindi bado yalikuwa yamesimama ndani ya mipaka yake. Kumwambia mtu wa Eldoret kwamba ana ushamba ni kumwambia kwamba ametoka kwao. Sawa, ametoka kwao. Halafu?

Kuna hadithi husimuliwa kuhusu benki ya kwanza ya mji. Sefu la chuma lililetwa na gari la ng'ombe, likaanguka chini wakati wa kulishusha, likawa zito mno kuinuliwa tena. Basi wakajenga kuta za benki kulizunguka pale pale lilipoangukia. Sijui hadithi ya mji mwingine inayoeleza ujenzi wake vizuri hivyo. Pesa inaangukia mahali, kisha kuta zinajengwa kuizunguka. Mpaka leo majumba mengi ya Eldoret ni hiyo benki: ukuta uliozungushiwa sefu.

Na pesa yenyewe inaanguka namna gani? Ya mahindi na ngano inaanguka mara moja kwa mwaka, ikiwa mvua imekubali na bei imekubali. Ya siasa inaanguka kila baada ya miaka mitano. Ya ng'ambo inakuja na simu ya usiku. Lakini ile iliyoupa mji huu sura yake ni pesa ya mbio. Mwanariadha analipwa kwa mkupuo. Anaweza kushinda mbio Septemba halafu mguu ukaumia Januari, na mkataba wa viatu ukaisha naye akiwa kitandani. Ana miaka kumi hivi ya kuvuna, akibahatika. Akirudi nyumbani na pesa taslimu, harambee inamsubiri, karo ya watoto wa binamu inamsubiri, bili ya hospitali ya mtu ambaye hajamwona tangu darasa la tatu inamsubiri. Pesa ina miguu, tena inakimbia kumshinda mwenyewe. Simiti haina miguu. Hakuna mtu anayeweza kuja jioni na kukuambia, "Ndugu yangu, nikopeshe nguzo mbili, nitarudisha mwisho wa mwezi."

Kwa hivyo mjengo ni akili, si wazimu. Wapo walioichukua akili hiyo wakaipeleka mbele zaidi. Moses Kiptanui, mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika 8, kule Zürich mwaka 1995, aliweka pesa yake kwenye Komora Centre, jengo la biashara katikati ya mji. Jengo kama hilo linaingiza kodi hata mwenyewe akiwa amelala. Jumba la kuishi halimlipi mtu kitu. Linamdai rangi, linamdai mlinzi, linamdai umeme. Lakini hilo ni suala la hesabu, na kosa la hesabu si kosa la ladha.

Tuje kwa ladha basi, maana ndiko kicheko kiliko.

Majumba haya mengi hayachorwi mwanzo hadi mwisho na mtu mmoja. Mwenye nyumba ana picha kwenye simu: moja ya Florida, moja ya Lagos, moja ya mtaa wa Karen kule Nairobi. Anamwita fundi. "Fundi, nataka hivi, lakini hapa mbele uweke kama ile ingine." Fundi anamjibu, "Sawa mkubwa, na hapo juu tuongeze nguzo?" Fundi hapingi, kwa sababu analipwa kwa kazi, si kwa ushauri. Shemeji akitembelea mjengo anapendekeza roshani. Pesa ikikatika, mjengo unasimama mwaka mzima huku vyuma vikitazama mbinguni. Ikirudi, imekuja na picha mpya kwenye simu. Matokeo yake ni kitabu chenye waandishi wanne na kisicho na mhariri. Nguzo si tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwepo wa kusema, hii sura iondoe, tayari umeshaisema mahali pengine.

Siku hizi wanaozicheka nguzo wana nyumba yao ya kusifu. Ni lile boksi jeupe na kijivu, madirisha kuanzia sakafuni hadi silingi, paa limefichwa nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane kama haina paa kabisa. Hiyo ndiyo inaitwa kisasa, ndiyo inaitwa ladha. Lakini nayo imetoka kwenye simu ile ile. Na hapa Eldoret inafanya vibaya kuliko ya nguzo. Tuko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Mvua zikianza mwezi wa nne, zinaweza kwenda mpaka wa nane, na hazinyeshi kwa kubembeleza. Mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta ukiziba majani, maji hayana pengine pa kwenda ila ndani. Yale mapaa ya pembe saba, pamoja na kichekesho chake, angalau yanajua kwamba kuna mvua.

Baridi ndiyo hakuna kati yao anayeijua. Hili ndilo kosa la kweli, na halionekani kwenye picha. Ingia ndani ya jumba la aina yoyote kati ya hizo mbili mwezi wa Julai. Sebule ina urefu wa ghorofa mbili, joto lote limepanda juu kuipasha taa ya vioo. Sakafu ni ya taili zinazong'aa, baridi kama sahani. Mahali pa kuwasha moto hapapo, au papo ila pamejengwa kwa ajili ya kuweka televisheni. Wageni wanakaa na makoti. Wenye nyumba wenyewe wako wapi? Wako nyuma, jikoni, si kwenye jiko la ndani lenye kabati za kung'aa, bali kwenye kile kijumba cha mabati na mbao kilichoachwa uani, chenye mafiga na kuni. Huko kuna moto. Huko ndiko chai inapikwa, huko ndiko kogo, yaani bibi, anakosafisha kibuyu kwa kaa la senetwet ili maziwa yawe mursik. Na tukumbuke kwamba hiyo mursik ndiyo anayonyweshwa bingwa akishuka uwanja wa ndege. Nchi nzima inaitazama kwenye runinga. Jiko ilikotengenezwa halipigwi picha na mtu.

Nyumba ya zamani ya Wakalenjin ilikuwa ya duara, udongo na nyasi. Moto ulikuwa ndani, juu yake kulikuwa na dari ya kuhifadhia nafaka iliyokaushwa na moshi, na mbuzi walikuwa na upande wao. Sisemi turudi huko. Moshi ule uliwaharibu akina mama macho na vifua, na mtu anayeililia nyumba ya nyasi mara nyingi hajawahi kulala humo paa likivuja. Ninachosema ni kwamba aliyeichora alikuwa amejiuliza swali moja kwanza: usiku wa baridi, watu watakaa wapi? Jumba la simba wawili limejiuliza swali lingine: mtu akipita barabarani, ataona nini?

Kuonyesha si dhambi mpya, wala si ya bara. Huko huko pwani kulikozaliwa mizani yetu ya ustaarabu, watu walijenga ili waonekane. Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mjini Zanzibar: nguzo za chuma, roshani pande zote, baadaye umeme na lifti, wakati majirani wakiwasha taa za mafuta. Jina lenyewe ni jumba la maajabu. Ingekuwa leo, ingerushwa mtandaoni na kuchekwa. Miaka ikapita ikawa urithi wa dunia pamoja na Mji Mkongwe, na sehemu yake ilipoporomoka siku ya Krismasi mwaka 2020 watu walilia. Milango ya Zanzibar yenye misumari ya shaba, tunayoiuza leo kwenye kadi za posta, ilikuwa simba wa dhahabu wa wakati wake. Kwa hivyo anayesema kwamba kujionyesha ndiko ushamba, amewatia washamba wengi asiowakusudia.

Tofauti naiona mahali pengine. Tazama nyumba ya mawe ya Lamu, ile ya waungwana wa karne ya 18. Ukuta wa nje hausemi kitu: ni mweupe, hauna madirisha makubwa, kichochoro kinapita. Mlangoni kuna daka lenye baraza, mgeni anakaa, anapewa kahawa, mazungumzo yanaendelea bila mtu kuvuliwa sitara yake. Urembo uko ndani kabisa, kwenye vidaka vya plasta vilivyopangwa safu kwa safu, na vyombo vya China juu yake. Kadiri unavyoingia ndivyo nyumba inavyokuwa nzuri. Ilikuwa nyumba ya watu wenye watumwa, tusiisahau hiyo wala tusiipambe. Lakini kama mchoro, ilimwekea mpita njia mahali pa kukaa na ikawawekea wenyewe uzuri wa kuishi nao. Jumba letu la Eldoret limegeuzwa kama fulana iliyovaliwa ndani nje. Urembo wote uko barabarani, na kadiri unavyoingia ndivyo unavyokuta vyumba vitupu, vitanda vilivyotandikwa ambavyo havilaliwi, na mapazia yaliyofungwa yasipauke. Mpita njia naye hakuachiwa hata jiwe la kukalia. Ameachiwa ukuta na nyaya za umeme.

Kuhusu huo ukuta, hapa kicheko kinafaa kikome. Ukuta mrefu wa Eldoret una historia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, eneo hili lilikuwa kitovu cha moto. Tarehe 1 Januari 2008, makumi ya watu, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa ndani ya kanisa la Kiambaa walikokimbilia. Nyumba zilichaguliwa kwa majina ya wenyewe: hii iteketee, hii iachwe. Wanafunzi wetu wameisoma hali ya namna hiyo kwenye Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018. Riwaya inafunguka na Ridhaa, daktari, mtu aliyejenga akajengeka, amesimama kwenye magofu ya kasri lake, na familia yake imeteketea humo. Matei hamcheki Ridhaa kwa kujenga kasri. Anatuonyesha kitu kigumu zaidi: kwamba mtu anaweza kujenga kwa mawe, akawekeza, akawafaa majirani zake, na bado jirani akamwona mgeni. Mawe hayakutosha kumfanya wa hapo.

Ukishasoma hivyo, nguzo nne za mlangoni zinabadilika. Katika mji ambao swali la nani ni wa hapa liliwahi kujibiwa kwa kiberiti, nyumba kubwa ni njia ya kusema mimi nipo na siendi popote. Anayetoka kabila moja analisema kwa woga, wa kabila lingine analisema kwa ushindi, na yule ambaye baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu analisema kwa kisasi cha halali kabisa. Wote wanatumia simiti ile ile. Huwezi kuisoma sentensi hiyo kwa neno ushamba peke yake, bana.

Lakini pia siwezi kumaliza kwa kuitetea, kwa sababu kuna la mwisho ambalo majumba haya yanalificha, na ndilo linalouma. Ni jina lililo kwenye hati ya kiwanja.

Wanaokimbia siku hizi si wanaume tu. Oktoba 2021 Agnes Tirop, aliyeshinda shaba ya mita 10,000 kwenye mashindano ya dunia ya 2017 na 2019, aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25, na mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu avunje rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee. Tarehe 1 Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyetoka kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa nyumbani kwake Endebess, Trans Nzoia. Alifariki siku nne baadaye katika Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa hapa Eldoret. Aliyemchoma alikuwa mtu aliyewahi kuishi naye, na ilielezwa kwamba ugomvi wao ulikuwa wa ardhi aliyonunua na kujenga. Miguu yake iliijenga nyumba. Ndani ya nyumba hiyo hakupata usalama hata wa kurudi kutoka kanisani.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua mchango wa kila mwenzi, hata ule usio wa pesa: kulea watoto, kutunza nyumba, kulima. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Lakini mchango wa mwanamke hauonekani kutoka barabarani, na nyumba hizi zimejengwa kwa ajili ya barabara. Mke anaweza kukimbia Ulaya miaka minane, pesa ikapita mikononi mwa mume ambaye pia ni kocha na pia ni msimamizi wa mjengo, na siku ya mwisho agundue kwamba jina lake liko kwenye medali peke yake.

Nyuma kabisa ya jumba, baada ya lile jiko la kuni, kuna chumba kingine tunachokiita SQ. Mchoraji alikikumbuka mwisho, futi nane kwa nane, kidirisha kinaangalia ukuta. Humo analala msichana anayepiga deki roshani tatu ambazo hakuna anayezikalia. Ukitaka kujua thamani ya nyumba kama kazi ya sanaa, anzia humo. Sebule kila mtu anaijua kuipamba. SQ ndiyo inayosema mwenye nyumba aliwaza nini wakati hakuna anayemtazama.

Kwa hivyo nina maswali yangu, na simba siwagusi. Wakae. Watoto wanawapenda. Ninauliza: mwezi wa Julai watu wa nyumba hii wanaotea moto wapi? Mvua ya paa hili kubwa inaingia kwenye tangi au inamwagikia kwa jirani? Mzee akija kutembelea, kuna mahali pa kukaa kabla hajafunguliwa geti? Msichana wa kazi ana dirisha? Na hati imeandikwa jina la nani, au majina ya akina nani?

Nyumba ikijibu vizuri maswali hayo matano, waache waweke nguzo kumi na mbili wazipake dhahabu. Ikishindwa, hata ikiwa nyeupe, nyoofu, na imechapishwa kwenye majarida ya Nairobi, bado ni lile sefu lililoanguka, na watu wamebanwa kati yake na ukuta.